Maji Matamu Niliyompa Mwenyekiti

Mwanaidi mwanangu,

Mimi ni mzima. Najua shuleni walitufundisha kuanza kila barua hivyo, mzima wa afya, hofu ni kwako tu uliye mbali, na hakuna aliyekuwa akiyatilia maanani maneno yale. Wewe leo yasome mara mbili. Mama yako ni mzima, na kabla karatasi hizi hazijaisha utajua kwa nini nimeanzia hapo.

Saa hizi uko Kang'ata unamuaga bibi yako. Namjua mama yule, atakukalisha ule mara mbili, kisha akufungie chakula cha tatu kwenye mfuko, kwa hiyo nina mchana mzima wa kuandika. Begi lako nimeliona, umelifunga vizuri kuliko ambavyo ningelifunga mimi. Blanketi la pili nimelisukuma chini ya nguo na usithubutu kulitoa, Iringa si Misima. Mambo mengine ya safari tumeyasema mpaka yamechakaa, siyarudii. Barua hii naiweka juu ya kifuniko cha tangi, chini ya lile tofali, kwa sababu najua ukirudi, kabla hujavua hata viatu, utakwenda kwanza kumwangalia Mwenyekiti wako.

Jana ulinisogelea jikoni ukasema, "Mama, nikae mwaka mmoja tu. Chuo hakihami. Nani atabeba ndoo za tangi, na presha yako hiyo?" Nikajibu, "Tutaona," nikainuka kugeuza maharage ambayo wala hayakuwa yanaungua. Sikulala vizuri kwa ajili ya ile "tutaona". Mdomoni sina ujasiri, ila kalamu huwa inanitii kidogo, kwa hiyo vumilia nikianzia mbali.

Tangi alilitengeneza baba yako, unakumbuka. Alikuwa fundi vioo, na mabaki ya madirisha ya watu aliyaunga kwa gundi hapo uani, Misima nzima ikaja kushangaa. Aliweka perege wanne. Alipofariki, perege nao wakafa mmoja mmoja, maana hakuna kati yetu aliyekumbuka kuwalisha. Nikalikausha, nikahifadhia maharage humo. Wewe ulikuwa na miaka kumi na moja. Ulivaa saa yake mkononi, ile kubwa ya chuma, na ulikuwa ukiketi mlangoni saa aliyokuwa akirudi kazini. Ilikuwa inaniuma kukuona pale mlangoni. Sasa naweza kukuambia, iliniuma kiasi kwamba nilitaka usikae hapo tena, na nikajiaminisha kwamba ninalolitaka ni kwa faida yako.

Ndipo nikakutafutia shule ya bweni upande wa Magoma, Korogwe. Shule nzuri, bustani za mboga, walimu wapole. Kila mtu alinisifu. Walisema, mjane yule ana akili, amemtoa mtoto kwenye msiba. Nami nilizipokea sifa zile kwa mikono miwili.

Wiki mbili kabla hujaondoka, mjomba wako Sefu akaja kutoka Pangani na ndoo ya kifuniko. Alikuwa akitega kaa kule mto unapoingilia baharini, na mtegoni akamkuta yule samaki mkunga, mwembamba kama mkanda, mwenye madoa na kichwa cha ubishi. Alikuletea akupoze. Mimi nilipomwona nilipanda juu ya kitanda. "Nyoka!" nikapiga kelele. Mjomba wako akasema, "Dada, huyu ni samaki, shuka." Wewe ulichutama mbele ya ndoo, ukamwangalia anavyofungua mdomo na kuufunga, kufungua na kufunga, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikakusikia unacheka. Ukasema, "Huyu ni Mwenyekiti. Anahutubia tu, hasikilizi mtu." Jina likabaki hilohilo.

Nilishukuru sana kwa kicheko kile, na katika kushukuru nikafanya kosa. Maharage niliyatoa, tangi nikalisugua, nikalijaza maji ya mvua, yale niliyoyakinga kwenye simtanki na kuyabania mpaka sisi wenyewe tulikunywa kwa kipimo. Mtu wa Handeni akitaka kumheshimu mgeni humpa maji matamu, ana kitu gani kingine? Yale aliyokuja nayo ndooni niliyaona machafu, yananuka chumvi na matope, nikayamwaga chini ya mpapai. Mpapai ule ulikauka mwezi uliofuata na sikujiuliza lolote.

Ukaenda Magoma. Jumapili matroni alikupa simu dakika chache.

"Mama, Mwenyekiti anakula?"

"Anakula."

"Na wewe unakula?" nikakuuliza.

"Nakula."

Jumapili tano tulizungumza hivyo hivyo, mwanangu, na hakukuwa na neno la kweli katika yale mazungumzo. Mwenyekiti siku za kwanza alidokoa dokoa, halafu akagoma. Nikamwekea dagaa waliolowekwa, akawageuzia mgongo. Nikamwekea kipande cha perege, kikaoza. Mama Athumani jirani alinikuta nimesimama na kijiti mbele ya kioo namgombeza samaki. Nilisema, "Ni kiburi tu, atazoea." Neno hilo nilikuwa nimelikariri, kwa sababu ndilo nililowaambia watu kuhusu wewe. Matroni alipodokeza kwamba umepungua, nilimjibu, "Atazoea, mwalimu. Watoto wote huzoea."

Na kazi yangu unaijua. Tangu asubuhi nasimama kituo cha maziwa na laktomita mkononi, kile kioo chembamba kinachoelea, nawapima akina mama wa Kimasai na wakulima nione nani kaongeza maji. Kioo kikizama sana, ujue kuna mtu amekudanganya. Nilikuwa hodari. Nilimrudishia mtu ndoo yake mbele ya wenzake bila kupepesa. Kisha narudi nyumbani, napokea simu ya mwanangu, nasema anakula.

Jumapili ya tatu ngozi yake ilikuwa imeanza kuota ukungu mweupe, na alilala ubavu juu, nje ya kile kipande cha bomba tulichomwekea ajifiche. Sikuogopa kufa kwa samaki. Niliogopa kukuambia. Nikampigia mjomba wako.

"Umemweka maji gani?" akauliza.

"Ya mvua. Matamu kabisa, hata mimi mwenyewe siyapati."

Akasema, "Dada, mimi ndiye mjinga, sikukuambia. Kule nilikomtoa, bahari ikijaa maji ni ya chumvi, ikipwa yanapungua makali. Matamu hivyo hajawahi kuishi nayo. Anavumilia tu, na kuvumilia kunamuua. Mtie chumvi, lakini polepole, usije ukamuua tena kwa wema."

Usije ukamuua tena kwa wema. Nilikata simu nikakaa chini.

Kile kisima cha bondeni, ambacho sabuni haitoi povu na ambacho kila mtu hukilaani, ndicho nilichokwenda kuteka. Mama Athumani akaniambia, "Mama Mwanaidi, ya kufyatulia tofali unampelekea nani?" Nikasema, "Mgonjwa." Mjomba wako akatuma kiroba cha chumvi ya mawe kwa lori la mkaa. Kila jioni nilitoa ndoo moja ya maji matamu, nikarudisha ndoo moja ya kisimani iliyokorogwa chumvi na kutulia mchana kutwa. Kipimo sikuwa nacho, halafu nikakumbuka kwamba ninacho. Laktomita ya akiba, ile yenye ufa shingoni waliyoniruhusu kuichukua, nikaitumbukiza tangini. Mwanzoni ilizama mpaka chini. Siku zikaenda, ikaanza kuinuka. Siku ilipoonyesha mstari wake wa chini kabisa, kumi na tano, Mwenyekiti alikuwa ametoa kichwa kwenye bomba, anahutubia.

Siku ya pili yake nikamdondoshea dagaa kwa kijiti, akamnyakua kwa nguvu mpaka kijiti kikanitoka mkononi. Nilicheka peke yangu uani. Nilitaka kusubiri Jumapili nikuambie, "Anakula." Hapo ndipo kicheko kilipokatika, kwa sababu nilikuwa nimekuambia hivyo mara tano tayari. Nikajiuliza, kama "anakula" yangu ilikuwa vile, "nakula" ya mwanangu ikoje?

Asubuhi nilikuja Korogwe. Matroni, mama mwema sana, akasema, "Mtoto mtulivu, hatusumbui kabisa." Ukatoka darasani. Saa ya baba yako ilikuwa imepanda mpaka kwenye kiwiko, ukiishusha mkono inateremka mpaka kwenye vidole, unaikamata isidondoke. Hukuuliza nimekuja kufanya nini. Uliniamkia, "Shikamoo mama," kisha ukauliza, "Mwenyekiti anakula?"

Nikasema, "Sasa anakula. Zile siku nyingine nilikudanganya."

Ukaangalia chini. "Na mimi nilikudanganya."

Hakuna aliyekutesa pale, ulishaniambia mara nyingi na naamini. Hukuwa mtukutu, hukuwa na kiburi. Ulikuwa na msiba, na mimi nilikuondoa kwenye nyumba pekee ambamo watu walikuwa wakiulilia pamoja nawe. Nilikupa kilicho bora kuliko vyote nilivyokuwa navyo na sikukuuliza kama ndicho unachohitaji. Stendi ya Korogwe ulikula machungwa manne moja baada ya jingine, maji yakikuchuruzika mpaka kwenye saa, nami nilikuwa nakumenyea na kulia, wauza machungwa wakatuona vichaa.

Nakushukuru kwa sababu hukunisimanga hata siku moja. Ungeweza. Nimewaona watoto wanaoweka kosa la mzazi mfukoni, wanalitoa kila wanapokosa hoja. Wewe ulirudi, ukalala siku mbili, ukaamka ukaniuliza maji yamefika mstari gani.

Nashukuru kwa miaka tisa iliyofuata. Siku ile alipotoroka, tulipokuwa tumesahau tofali juu ya kifuniko, tukamkuta nyuma ya kiroba cha unga amejaa vumbi, wewe ukamfunika khanga yangu mpya iliyolowa ukambeba kama mtoto mchanga, mimi nikiwa wapi? Juu ya kitanda, bila shaka. Umeme ulipokatika na pampu ya hewa ikazima, tulipokezana jagi, kuchota na kumwaga, kuchota na kumwaga, huku unanisimulia habari za shule ambazo usingenisimulia kama mikono yetu ingekuwa haina kazi. Namshukuru hata aliyekuwa anakata umeme, Mungu anisamehe.

Na yule mwenyekiti wa kweli, wa kijiji! Watu walimshtakia kwamba kiangazi kile sisi tunajaza maji kwenye kioo wakati wengine wanapanga foleni na madumu. Akaja na sura ya kazi. Akachovya kidole tangini, akaonja, akatema hadi mlangoni. "Haya si maji," akasema, "hii ni adhabu." Kesi ikaishia hapo. Halafu akainama akauliza, "Na huyu bwana anaitwaje?" Ukamjibu kwa adabu zote, "Hana jina, mzee." Akasema si vizuri, apewe. Nilitoka nje nikauma upindo wa khanga.

Sasa naingia pagumu.

Ulipomaliza kidato cha nne ukapangiwa kidato cha tano Songea. Ulifurahi. Uliniambia umefurahi lakini unaogopa kidogo. Mtu mwenye busara angeisikia ile furaha, mimi nilisikia woga peke yake, kwa kuwa ulifanana na wangu. Usiku nikaiona ile saa inapanda na kushuka mkononi mwako. Asubuhi nilijifunga kitambaa kichwani, nikajilaza mkekani, nikasema presha imepanda.

Mwanaidi, presha sina. Sijawahi kuwa nayo. Zahanati nilikwenda peke yangu, unakumbuka nilivyokataa usinisindikize? Mganga alinipima akasema, "Mama, hapa ungeweza kulima ekari." Nikarudi nimeshika kifua. Ukakaa chini kando yangu, ukanipepea, na siku ya tatu ukasema, "Songea siendi, mama, nani atakuangalia?" Nami nilifumba macho nikasema alhamdulillahi moyoni, nikiwa mzima kama ng'ombe.

Miaka mitatu umebeba madumu ya maziwa pale kituoni pamoja nami. Miaka mitatu unanitolea chumvi kwenye mboga. Mboga hazina ladha na nimezila kimya, adhabu ndogo. Mjomba wako peke yake ndiye aliyejua, na kila Idi alikuwa akininong'oneza, "Dada, mwambie." Nilikuwa nikisema, "Nitamwambia." Nimepima maziwa ya wilaya nzima, mimi mwenyewe ndani nimejaa maji.

Nimejitetea sana kichwani. Nilisema nimejifunza kwa Magoma, kwamba mtoto haondolewi nyumbani kwake. Hapana. Nilikuwa nimejifunza nusu. Safari ya kwanza nilikupeleka bila kukuuliza, safari ya pili nikakuzuia bila kukuuliza. Mwenyekiti kule kwao maji hubadilika kila siku, yanajaa, yanakupwa, na anaishi. Kilichokuwa kinamuua ni mimi kuamua kwamba naujua mwili wake kuliko yeye.

Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Nitakuwa nimekaa nje kwenye kigoda ukimaliza kusoma, wala sitajifunga kitambaa. Sema unalotaka kusema. Lakini usikae kwa ajili ya ugonjwa ambao haupo. Ukibaki, bakia jambo lako. Ukienda, nenda ukijua kwamba nyuma yako kuna mwanamke mwenye afya anayebeba ndoo mbili kwa mpigo, na kwamba jana usiku, akikusikia unapanga nguo kwa kuimba imba, alielewa kwamba Iringa unaitaka.

Nakushukuru kwa Songea uliyoniachia. Sikustahili, na sitakurudishia mwaka hata mmoja. Nakushukuru kwa kila mboga isiyo na chumvi, kwa sababu ilikuwa imepikwa kwa upendo wa kweli hata kama ugonjwa ulikuwa wa uongo. Baba yako aliniachia nyumba yenye kioo cha kila aina, lakini wewe ndiye uliyenifanya nijione.

Kule Iringa maji yakikukataa, usijilazimishe kwa ajili yangu, na usirudi kwa ajili yangu. Jisikilize kwanza. Wakikuambia utazoea, huenda ni kweli, mambo mengi tunayazoea. Wewe ndiye utakayejua kama unazoea au unavumilia, mimi nilishindwa kuona tofauti kwa mtoto wangu mwenyewe na kwa samaki wangu mwenyewe.

Lipo jambo la mwisho. Miaka tisa hii Mwenyekiti hajawahi kula mkononi mwangu tangu siku aliponinyang'anya kijiti. Amekula kwako tu, na mimi nilikuwa nasimama hatua tatu nyuma. Leo ulipotoka tu kwenda Kang'ata nikachukua ile koleo yako ndefu, nikaondoa tofali, nikafungua. Nikamning'iniza dagaa mmoja juu ya maji. Mwenyekiti akatoka kwenye bomba polepole, unene wake sasa ni wa mchi, macho yake mabovu hayanioni, ananusa tu. Nilitaka kitanda, Mungu ni shahidi. Nikabaki nimesimama. Akaja, akanusa mara mbili, akanyakua. Nikampa wa pili. Akala watatu.

Anakula, mwanangu. Safari hii usichukue neno langu, inua kifuniko uone, mkia mmoja umebaki nje ya mdomo wake na anaendelea kuhutubia.

Kesho ukifika nipigie. Nitakuuliza kama unakula. Ukisema ndiyo, nitaamini. Ukisema hapana, nitakuuliza unataka nije au nisije, kisha nitanyamaza nikusikilize.

Mama yako,
mzima.